Siku Baba Alipokagua Runinga kwa Fimbo

Mama yangu haoni vizuri, na kwa karibu miaka miwili alitudanganya kwamba anaona. Tukikaa sebuleni kutazama tamthilia kwenye kale karuninga ketu, yeye anacheka baada ya wote kucheka. Nilipogundua nilienda jikoni nikalia, kisha nikarudi nikamgombeza, maana mimi nikiumia ndivyo nilivyo. Tukampeleka kwa daktari wa macho. Akapewa dawa ya matone, tukaambiwa kilichopotea hakirudi, tutunze kilichobaki.

Basi nikaapa kumnunulia runinga kubwa, aone sura za watu wakati bado anaweza kuziona. Nilikuwa nimeuza kahawa, na mdogo wangu akaongezea. Hela ilitosha kununua runinga moja ya maana, haikutosha kukosea.

Hapo ndipo nilipomshirikisha baba. Baba amechunga tangu utotoni, na kila kitu duniani anakinunua kwa kanuni za kununua ng'ombe. Akasema kwanza, mnyama hanunuliwi siku ya kwanza kumwona. Halafu, anayekamua ndiye anayechagua, kwa hiyo mama lazima aende mwenyewe. Nikamwambia runinga haikamuliwi. Akaniuliza nani atashinda nayo kutwa, nikaenda kumwambia mama ajiandae. Alfajiri tukatoka kijijini kwetu Nyakatuntu watatu, mama kavaa kitenge chake cha kanisani, baba na fimbo yake. Saa nne tulikuwa mjini Kayanga.

Mwenye duka alikuwa dada mmoja mchangamfu. Aliwaamkia wazee shikamoo, akamletea mama kiti, kisha akatupeleka moja kwa moja kwenye runinga ya inchi hamsini na tano, ya jina ambalo sijawahi kulisikia, kwa bei niliyoimudu. Jamani, moyo wangu ukaruka. Nilikuwa naiona tayari ukutani kwetu, na majirani wa kitongoji kizima wamejaa mlangoni. Dada akaisifia mpaka pumzi ikamwishia. Baba akaninong'oneza kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Akazunguka nyuma ya runinga. Akauliza huyu anakula kiasi gani, na dada, Mungu ambariki, akaelewa, akamwonyesha kibandiko cha wati za umeme. Akauliza akiugua atatibiwa hapa hapa Kayanga au mpaka Mwanza. Kwa kweli swali hilo mimi mwenye simu janja sikuwa nalo, na jibu la dada halikunyooka. Kisha baba akalaza fimbo kwenye kioo, upande mpaka upande, akapima kwa shubiri, akabadilika uso. Inchi hazikutimia! Dada akamweleza kwa upole kuwa kioo hupimwa kona kwa kona. Baba akamjibu kwamba hata ng'ombe hapimwi kutoka ncha ya pembe mpaka ncha ya mkia. Wateja wakacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba akataka turudi kesho ndipo tununue, nikakataa katakata, kwa hiyo tukaelewana tukae na runinga za pale dukani kwa muda kwanza. Tukakaa. Saa nzima tunatazama video za kuvutia wateja, kasuku na maua, na kila runinga dukani inang'aa. Nilishaanza kununa. Lakini kukaa kule kulinifungua macho. Ile kubwa ukiitazama uso kwa uso ni nzuri, ukisogea pembeni kidogo tu picha inafifia, watu wanakuwa vivuli. Na mama huwa anakaa kando ya runinga, anageuza kichwa, anatazama kwa upande, kwa sababu uwezo wa kuona uliombakia uko pembeni.

Nikamwomba dada aachane na kasuku, atuwekee kitu cha kwetu kutoka kwenye simu yangu. Video ya kwanza kwenye orodha nilikuwa nimeirekodi wiki iliyotangulia, baba ananywesha ng'ombe lamboni. Kwenye ile kubwa mama akasema anaona ng'ombe na mtu. Nikamuuliza mtu gani. Akasema mtu tu. Nilijisikia vibaya sana, nikamgeukia dada nikamwonyesha runinga iliyo kando ya ile kubwa, inchi arobaini na tatu, ndogo kuliko ndoto yangu lakini bei ile ile. Mafundi wake, dada akasema, wako hapa hapa Kayanga, nyuma ya stendi. Akasogeza kiti cha mama karibu nayo, akaanzisha video upya.

Mama akageuza kichwa, akainama mbele. Kama na hii haioni, sikuwa na nyingine ya kumpa.

"Baba watoto," akasema, "mbona umekonda hivi?"

Baba akasema ni kamera hiyo.

"Kamera haimpunguzi mtu shingo. Shati linakuelea. Umeanza lini?"

Mzee aliyemhoji mwenye duka asubuhi nzima akawa anatazama viatu vyake. Ikatoka kidogo kidogo. Magego yalikuwa yanamuuma tangu maharage yalipovunwa. Alikuwa anashindia maziwa, nyama anawapitishia wajukuu, hata senene wa kukaanga aligawa, na sisi tukadhani ni ukarimu. Mama akamuuliza kwa nini hakumwambia. Baba akajibu, "Wewe una la kwako la macho, nikuongezee na la kwangu?" Wanakula sahani moja hawa watu, wanalala kitanda kimoja! Nilitaka kuwagombeza wote wawili.

Mama akainuka, akamwambia dada atufungashie hii hii. Kisha akaniuliza daktari wa meno yuko wapi.

Kwa hiyo mchana ule tuliumalizia hospitali, kwenye benchi la nje, boksi la runinga limesimama mbele yetu na wagonjwa wanaliulizia bei. Mama alikataa kungoja zamu ya daktari. Alimshika baba kidevu, akamgeuzia kwenye jua, akasogeza uso wake karibu kabisa na uso wa mumewe, karibu kuliko nilivyowahi kuwaona mbele za watu.

"Fungua mdomo," akamwambia.

Baba akatazama huku na huku, akaona watu wote wanatutazama, akafungua.