Kufuli Jipya

Chuoni nilimwambia kila mtu kwamba baba alistaafu. Alifukuzwa.

Leo kadi yangu ilipokataa kufungua mlango wa ofisi pale Posta, niliifuta kwenye sketi, msomi mzima, nikaijaribu tena. Hasira ya utotoni ikanijia na harufu ya mafuta ya cherehani.

Baba alifungua duka la vitenge la bosi wake Kariakoo kila asubuhi tangu sijazaliwa. Siku niliyofuatana naye, ufunguo uligoma. Akaomba mafuta kwa fundi cherehani wa barazani, akalimiminia kufuli.

"Baba, kufuli jipya hili."

"Nyamaza. Limeshika kutu."

Fundi akacheka. "Mzee, hata mtoto kaona wamekubadilishia!"

Baba akaomba simu duka la jirani, akampigia bosi.

"Pumzika tu sasa, mzee wangu," sauti ya bosi ikasikika.

Nilisubiri baba atukane.

"Asante, bosi," akasema.