Diski ya Kwaya

Fundi wa kompyuta tunayegawana naye duka mtaani Kabalagala, Kampala, huzisemesha mashine kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Diski ikigoma, huitoa, huiweka sikioni, hufumba macho. Leo ameisikiliza diski ya kwaya ya Wakongo tangu asubuhi, na kola yake imelowa jasho. Jana alijaribu kuigawa sehemu sehemu kwa programu ya bure, bila kunakili kwanza nyimbo zilizomo. Programu ikakwama katikati, ikapoteza sauti pekee iliyobaki ya marehemu Valère, kiongozi wa kwaya. Mjane wake, Mama Reine, alipoingia, fundi alimwambia ni umeme uliofuta nyimbo.

“Huu umeme wa Kampala, ni shetani kabisa!” Mama Reine alicheka kidogo, kisha akaishika mikono ya fundi na kuinamisha kichwa. “Bwana, bariki hii mikono. Iturudishie sauti ya Papa Reine, Valère wangu.”

Fundi aliichomoa mikono yake taratibu, akaificha chini ya meza.

“Mama, usiombee hii mikono,” alisema, macho sakafuni. “Ndiyo ilifuta.”