Ngiri Haipasuliwi Hapo, Mzee Wangu

"Vuta pumzi, mzee wangu. Bana hapo hapo… Haya, achia."

Saa tatu asubuhi Bibiana Rafaeli, 38, binti wa mkata mkonge wa Muheza, yuko nyuma ya kioo katika hospitali moja jijini Tanga. Anapiga picha za mionzi, watu thelathini kwa siku, na udadisi wake hauna likizo.

Katika miaka kumi na miwili ya kazi, hamsahau Mwinyijuma Nasri, mkwezi wa minazi wa Pangani.

Mwinyijuma alifika mwaka jana akikohoa. Picha ya kwanza ilionyesha vinundu upande wa kushoto wa kifua. Madaktari walihofia saratani, na siku ya kumpasua ikapangwa. Bibiana alitakiwa tu kumpiga picha za CT.

"Nikatazama tumboni, mahali pa bandama. Hapana kitu," anasimulia. "Nikajisemea, bandama haiendi matembezi."

Fomu ilisema mgonjwa hajawahi kuumia, ila zamani alipasuliwa ngiri. Bibiana akaomba kuliona kovu. Lilianzia chini ya kifua hadi kitovuni.

"Mzee wangu, ngiri haipasuliwi hapo. Ulianguka?"

Mwinyijuma akatazama mlangoni kwanza. "Sema taratibu, mwanangu. Mke wangu yuko nje, naye ajua ni ngiri."

Kwa wakwezi wenzake, aliyeanguka haitwi tena shambani; husemwa mnazi umemkataa. Kwa hiyo alipoanguka mwaka 1991, bandama ikapasuka na kuondolewa, alilimeza jambo hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu nusura aumbuliwe na kisu.

Bibiana alimkimbilia daktari. Wakashuku kwamba siku ile kiwambo kati ya tumbo na kifua kilichanika, vipande vya bandama vikapenya juu, vikashika na kuota.

Mzee akapelekwa Dar es Salaam kwa kipimo; damu yake ilitolewa, ikatiwa dawa yenye mionzi kidogo, ikarudishwa mwilini. Ikaenda kujikusanya kwenye vinundu vile vile, kama inavyofanya kwenye bandama. Haikuwa saratani; ilikuwa bandama. Upasuaji ukafutwa, na kikohozi, kumbe cha kawaida tu, kikaisha kwa dawa za wiki moja.

"Nililia kwa furaha, sikujificha," anasema Bibiana.

Sasa anapanga kwenda Pangani kuwaomba wakwezi waseme ukweli wakifika hospitali. Alihofu hawatamsikiliza, mwanamke asiyewahi kupanda mnazi. Akampigia Mwinyijuma kumwomba ushauri.

"Nitasimama mimi niwaambie nilianguka," mzee akamjibu. "Wasiponiita tena shambani, na wasiniite. Kifua changu ninacho."