Swali la Sita

Shemeji yangu alikuwa na mwandiko mzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nisimwamini. Mtu anayeuguza mama mkwe haketi akachora herufi namna ile, kila mstari umenyooka, kila nukta mahali pake. Barua zake zilinifikia Brussels mikononi mwa wasafiri waliotoka Bukavu, kwa kuwa posta ya kwetu ilikuwa imekufa zamani. Kila nilipofungua moja nilijiuliza: huyu anataka nini?

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mdogo wangu, aliyekuwa mke wake, alikuwa amefariki akijifungua, na Mama akahamia kwake kulea wajukuu. Alipewa chumba cha uani, maana kwetu mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, wala hawatazamani usoni. Mama akiwa na neno alilisema akiwa ndani, mlango umerudishwa, naye shemeji akalisikiliza akiwa nje. Hata barua ziliandikwa hivyo: Mama kitandani, shemeji kwenye kigoda nje ya mlango, karatasi pajani. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari. Pale nyumbani hakukuwa na mwingine ambaye angeweza kuandika kitu ambacho daktari wa Ulaya angekielewa.

Ugonjwa wenyewe haukueleweka. Mara tumbo, mara mgongo, mara usingizi hauji. Na mwisho wa kila barua aliuliza, kwa adabu zote, kama daktari angekubali kuandika karatasi ya kumwita Mama aje kutibiwa huku, yeye pamoja na mtu wa kumsindikiza. Mtu wa kumsindikiza! Nilicheka peke yangu ndani ya tramu. Huyo mtu nilimjua, na nilijua amevaa viatu namba ngapi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.

Nilikuwa nafanya kazi Auderghem, katika nyumba ya kutunzia wazee. Niliwaogesha, niliwavisha, niliwabadilishia mashuka. Daktari aliyekuja pale Jumanne na Ijumaa alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, mkavu wa maneno. Siku moja alipomaliza kuwazungukia wagonjwa wake nikampa barua za shemeji na kumwomba ushauri. Alizisoma akiwa amesimama.

"Hizi ni barua nzuri," alisema. "Lakini hazinielezi kitu."

Akaketi, akageuza fomu tupu, akaandika maswali kumi nyuma yake. "Ajibu yote, madame. Yote."

Mwandiko wake ndio huo wa madaktari, kama kuku amepita na matope. Ilibidi niyanakili upya nyumbani Ixelles, kwenye meza ya jikoni. Anakula? Anatapika? Amekonda? Maumivu yako wapi hasa? Nikaenda vizuri mpaka swali la sita. Lilitaka kujua kama Mama, ambaye hedhi yake ilikoma miaka mingi iliyopita, bado huona damu.

Niliweka kalamu chini. Swali hilohilo nilikuwa nawauliza vikongwe wa Kibelgiji kila asubuhi huku nikiwafunga vifungo, bila kupepesa jicho. Kwa Kifaransa, kwa mama wa mwingine, ni kazi tu. Lakini hili lingesomwa na shemeji, kwa sauti ya darasani, mlangoni pa Mama, wajukuu wakiwa wanacheza uani. Nilimwona Mama akijifunika uso kwa kitenge. Nikasema hapana, mama yangu simfanyii hivyo.

Pengo lile nikalijaza kwa swali langu mwenyewe, tena la mtego. Niliandika: ni yupi kati ya watoto wako aliyezaliwa akitanguliza miguu? Kama kweli Mama ndiye anayesema nyuma ya ule mlango, jibu litakuja. Na kama shemeji anatunga, tutaonana.

Majibu yalichukua majuma matano, na yalikuwa kumi kamili. Yote kwa Kifaransa safi, isipokuwa la sita, ambalo aliliacha kama Mama alivyolitamka: "Ni mukubwa, ule wa Bulaya. Alitanguliza miguu, na tangu ile siku hajaacha kusumbua batu. Lakini docteur anatafuta nini mu ile maneno?"

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaanza tena kushuku: labda marehemu mdogo wangu ndiye aliyemsimulia.

Daktari alipitisha kidole juu ya ile karatasi na kukisimamisha katikati. "La sita ni lugha yenu. Anasema nini kuhusu damu?"

"Anasema hapana, docteur."

Aliitazama tena ile karatasi. Halafu akaandika ushauri wake: dawa ya tumbo, Mama apunguze maharagwe na pilipili, apimwe minyoo, apumzike. Nikaupeleka na msafiri wa kwanza niliyempata, na moyo wangu ukatulia.

Miezi ikapita, barua zikaja zilezile: Mama anapungua, Mama hasimami, je, ile karatasi ya daktari? Nilipiga simu kutoka duka la simu kwenye barabara ya chaussée d'Ixelles, katika kile kibanda cha mbao ambamo jirani yako anasikia hata unavyomeza mate. Simu ilikuwa ya shemeji. Ilipitishwa mlangoni, Mama akasema, "Niko, mwanangu. Mungu ni mukubwa," ikarudi.

"Grande sœur, dada mukubwa," shemeji alisema, "Mama haiko muzuri. Iko kitu hasemi."

"Ni yeye hasemi, ao ni weye?"

Sikungoja jibu. Nikakata simu kwa hasira, na jioni ileile nikamwandikia methali tuliyofundishwa shuleni: mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliipigia mstari mara mbili.

Jumanne moja daktari aliniuliza habari za Mama. Nikamsomea barua ya mwisho. Alisikiliza, kisha akauliza, "Hizi barua nani anaziandika?"

"Mume wa marehemu mdogo wangu."

"Mwanamume."

"Ndiyo, docteur."

Ijumaa alinipa bahasha iliyofungwa. Alisema nimtafute msafiri mwanamke, amsomee Mama wakiwa wawili tu. Niliudhika sana. Kumbe sasa ananishuku mimi! Nilipofika nyumbani niliifungua kwa mvuke wa birika. Ndani mlikuwa na mstari mmoja. Lilikuwa lile swali. Chini yake hapakuwa na neno lingine, hata salamu.

Niliifunga tena kwa gundi nikampa maman mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa akienda Bukavu kwenye arusi. Aliporudi alikuja moja kwa moja jikoni kwangu na hakuvua koti.

"Nilimusomea, batu bote banatoka inje," alisema. "Anasema ndiyo. Damu inatoka tangu mwaka ule wa nyuma, mbele ya Pasaka. Anasema alikuwa nangojea docteur amuulize. Ye mwenyewe hangeweza kusema, mukwe iko ku mulango."

Daktari alipoambiwa alifunga mkoba wake taratibu. Alisema lililowezekana wakati ule, sasa litakuwa gumu. Akawaandikia madaktari wa kule barua ndefu, kurasa tatu. Kuhusu lile "hapana" langu hakuniuliza kitu. Nilitamani aniulize, nilitamani hata anifokee mbele ya wenzangu wote, lakini alivaa koti lake akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alilazwa, akafanyiwa yaliyowezekana kufanywa. Alifariki kabla ya mvua kwisha.

Barua ya mwisho ya shemeji ilikuja baada ya matanga. Hakuzungumzia karatasi yoyote ya safari. Aliniomba radhi. Alisema huenda Kifaransa chake hakikutosha, huenda hakuyaweka sawasawa maneno ya Mama, ndiyo maana daktari alichelewa kuelewa. Alisema halali vizuri kwa sababu hiyo, na akauliza kama siku moja nitaweza kumsamehe.

Nilimjibu kwa mistari miwili. Nilimwambia nimemsamehe.