Karafuu za Bi Time na Mstari Uliokatwa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikwenda nyumbani kwa watu kuonyesha kwamba sina makosa, nikarudi na swali. Kaa kitako nikueleze. Na hiyo simu iweke chini kidogo, maana nasaha za gazeti lenu la skuli umekuja kuniomba mwenyewe, sikukuita.

Nilikuwa nasoma sekondari huku kusini mwa Pemba, karibu na Kengeja, mchepuo wa sayansi. Gazeti letu lilipigwa taipu kwenye karatasi ya stensili, kisha likatolewa nakala kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na ukishika nakala yako vidole vinatoka vyeusi. Mhariri alikuwa Hamadi, mtoto wa baba yangu mdogo. Hamadi alikuwa hodari wa kuchora na mvivu wa kusoma, na mpaka leo yuko vivyo hivyo, Mungu amzidishie umri. Ukurasa wa sayansi nilikuwa nauandika mimi.

Msimu wa karafuu mwaka huo uliingiliwa na mvua. Watu wameshachuma, wameshachambua, karafuu ziko majamvini, na kila anayetoka nje anatazama mawingu. Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Shaame, akatupa kazi: tupime karafuu za kwenye jamvi na za kwenye bati, tuone zipi zinakauka upesi. Tukawa tunazipima kwa mizani ya maabara asubuhi na jioni. Za kwenye bati zilishinda, tena kwa mbali. Darasa zima tukashangilia kama tuliofunga goli. Mwalimu akatutuliza. Alisema tulichopima ni maji tu, mafuta hatujayapima, na karafuu isiyo na mafuta haina kazi. Wiki ya pili tungezichemsha tuone kila fungu linatoa mafuta kiasi gani.

Gazeti nalo lilikuwa linatoka kabla ya hiyo wiki ya pili. Nikaandika habari yangu kwa raha zangu. Nikaeleza tulivyopima, nikaeleza matokeo, na mwisho kabisa nikaandika kwamba mafuta hatujayapima bado, kwa hivyo mtu asianike karafuu zake kwenye bati mpaka tumalize. Hamadi alipofika pale akaona nafasi imekwisha, kwa sababu chini ya ukurasa alishachora mkarafuu, na matawi yake, na majani yake yote. Akaukata mstari wangu. Mkarafuu akauacha.

Hapo, mwanangu, mpaka leo nikipafika damu inanichemka. Mkarafuu, Pemba hii! Mti ambao kila mtu ameuona tangu anatambaa, yeye anauchora ili nani aujue?

Sasa kulikuwa na mama mmoja mjane, Bi Time, jirani wa skuli. Alikuwa na mikarafuu yake michache, na karafuu za mwaka ule alizikusudia harusi ya binti yake. Siku ilikwishapangwa na watu wameshaambiwa. Mtoto wa jirani akamsomea gazeti letu. Bi Time, na hofu yake ya mvua, akaona hii ni rehema imemshukia, maana imeandikwa na wasomi na imetoka skuli. Akaazima mabati, akazianika karafuu zake zote. Kesho yake jua likatoka, nalo lilikuwa kali. Karafuu zilikauka kweli. Zikawa nyeusi, ukizishika zinavunjika vidoleni. Alipozipeleka kituo cha kununulia karafuu, mpokeaji alizinusa, akazitia daraja la mwisho. Na sisi tulipozichemsha zetu maabara, fungu la bati likatoa mafuta kidogo mno, lakini kwa Bi Time tulikwishachelewa.

Harusi ikaahirishwa mpaka msimu mwingine, na mkarafuu hauzai vizuri kila mwaka. Bi Time akawa hajui kama upande wa bwana harusi watasubiri au watakwenda kuposa kwengine. Mtoto wa kike ndani, vyombo vyake vimeshafungwa, na mama yake kila akibishiwa hodi moyo unamruka.

Mwalimu Shaame aliposikia alituchukua, Hamadi na mimi, akatupeleka kwa Bi Time. Hamadi njia nzima kainamisha kichwa. Mimi nilitangulia mbele, karatasi yangu niliyoiandika kwa mkono nimeikunja vizuri, maana nilikuwa na ushahidi. Hamadi akaomba radhi, akapewa. Nikaomba nami nisome. Nikasoma habari yote, na nilipoufikia ule mstari wa mwisho nikapandisha sauti kidogo, nikamtazama Hamadi. Bi Time alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakukasirika.

"Umeandika vizuri, wangu," alisema. "Sasa hilo la kuniokoa mie, mbona ukalitia mwisho, hata ntu akapata kulikata?"

Nilimtazama Mwalimu anitetee. Hakunitetea. Nikaikunja karatasi yangu, na kurudi nikarudi nyuma ya wenzangu. Nilimkasirikia Bi Time muda mrefu, maana niliona mimi ndiye niliyesema kweli na mimi ndiye niliyeulizwa. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza tu. Wale wakwe walisubiri, alhamdulillahi, lakini hawakusubiri kwa sababu yangu.

Nimesomesha kemia mpaka nimestaafu, na hili nimelisema kila mwaka, na kila mwaka limeingia huku likatoka kule. Na wewe jana umeniletea nini? Kichwa cha habari, "Mchaichai Wamaliza Mbu." Nikavaa miwani nikasoma. Mmechemsha mchaichai, mmeumimina kwenye kopo lenye viluwiluwi vya mbu, vimekufa. Vizuri, nimefurahi. Halafu huku chini, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: jaribio limefanyika mara moja, kopo moja. Mara moja, mwanangu. Kopo moja. Na mbu mmeshawamaliza.

Enzi zetu gazeti lilikwenda kwa miguu. Lako ukilibonyeza hapa, kabla ya adhuhuri liko Jadida huko kaskazini, liko hata kisiwani Fundo. Kule Fundo yuko mama na mtoto mchanga, atasoma kichwa cha habari kisha uji utamfurikia aiweke simu. Usiku ule atachemsha mchaichai na chandarua atakiacha kimekunjwa. Huyo mama humjui, na homa ikimshika mwanawe wewe hutakuwapo.

Kwa hivyo nisikilize. Usichokijua kiandike mwanzo, pale pale chini ya kichwa cha habari, kwa herufi kubwa kama za sifa zenu. Kichwa chenyewe kipunguze kiwe sawa na kopo lako. Nafasi ikiwa ndogo, kata picha, kata majina ya kamati, kata na haya yangu ukitaka. Kisha rudini maabara mpime tena, na tena, hata mchoke.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa na kalamu yenye huruma, na amhifadhi kila atakayekuamini kabla hujamaliza kupima. Amin. Haya, inuka ukaibadilishe, na ile ya jana kama umeshaituma, niambie sasa hivi.