Siku Niliyojificha Katikati ya Uwanja

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Nakuru, mwanangu, nilijificha mbele ya uwanja mzima na hakuna shabiki aliyenishuku. Usicheke. Mchezaji wa kiungo akitaka kujificha, anaweza.

Nilikuwa na miaka ishirini, mkataba wangu wa kwanza, na kichwa kimevimba. Tulikuwa tunacheza na timu ya kutoka Rongai. Dakika za mwanzo nikatoa pasi mbovu, wakatufunga. Mashabiki wakanitukana mpaka mamangu akatajwa. Nikaingiwa na woga. Kuanzia hapo, kila beki wetu akipata mpira, mimi nasimama nyuma ya mchezaji wao, mahali pasi haiwezi kunifikia. Nakimbia sana, napiga makofi, nanyoosha kidole wengine wapewe. Ukiwa jukwaani ungesema huyu kijana anajituma kweli.

Aliyeumia kwa hilo ni kapteni wetu, Barasa, beki wa kati. Alikuwa na miaka thelathini na nne tu, na sisi tulishaanza kumwita mzee. Kila akiinua kichwa haoni wa kumpa. Mwishowe akanyang'anywa mpira miguuni, wakafunga la pili. Jumatatu kocha akatangaza kwamba Barasa amechoka, atakaa benchi, na huenda asiongezewe mkataba. Mimi nikasifiwa kwa kutulia baada ya kosa langu. Nilinyamaza, tena nikatabasamu. Mpaka leo naona aibu.

Barasa alinikuta kwenye mfereji nikiosha viatu.

"Kijana, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa uwanjani, kapteni."

"Hapana, ulijificha. Mashabiki hawajui, kocha hajui, lakini mimi ndiye nilikuwa nakutafuta." Hakupandisha sauti. "Kupoteza mpira si hoja. Hata mimi nimepoteza mingi. Lakini ukinitoroka nikiwa na shida, nitampea nani?"

Akaenda zake. Angeweza kunishtaki kwa kocha, na hakufanya hivyo. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaingia kwa kocha mwenyewe, nikasema yote. Akanitoa kikosi cha kwanza papo hapo, akamrudisha Barasa. Nilikaa benchi mechi tatu, na nilistahili.

Ya nne ilikuwa Molo, baridi na matope. Barasa akanipa mpira wa kwanza, nikaupoteza. Watu wakaanza kuzomea. Moyo ukaniambia nirudi mafichoni, lakini nikamgeukia, nikanyoosha mkono nikasema, "Nipe." Akanipa. Tulitoka sare, hakuna la ajabu. Barasa aliongezewa mwaka.

Nimechezea timu saba, mwanangu, na sikuwahi kuwa nyota wa hata moja. Lakini miaka kumi na tano sikukosa kazi, na hapo najisifu bila haya. Makocha walijua huyu jamaa akiharibu, atarudi kuomba mpira.

Kwa hivyo nakuambia wazi. Siku umeharibu, iwe kazini ama nyumbani, usijifanye una shughuli mahali ambapo hakuna anayeweza kukufikia. Kuna mtu wako amebanwa, anakutafuta kwa macho. Jitokeze, hata kama utazomewa. Na mwingine akilaumiwa kwa sababu yako, nenda useme kabla hujaulizwa.

Mungu akupe kifua cha kujitokeza, mwanangu, akupe na watu wa kukuambia ukweli bila kelele. Na siku wewe ndiye umebanwa, ukiinua kichwa, umkute mwenzako yuko wazi.