Mende Waliokataa Sukari

Bi Chambo hakulipata jina hilo kwa uvuvi. Kazi yake ni kuua mende, na silaha yake ni tope la sumu na sukari analolipaka nyufani kwa kijiti. Miaka nenda miaka rudi, mende wa bekari ya mdogo wa mumewe walilamba, wakafa, naye akala mkate wake. Sasa wamegoma.

"Shemeji, mende wako wamenenepa," mwokaji alimtania. "Kesho nikimwona hata mmoja anatembea, namwita mtu wa kupuliza dawa."

"Akupulizie na unga?"

"Afadhali unga wenye dawa kuliko unga wenye masharubu!"

Akacheka peke yake. Bi Chambo alianzia kazi yake kwenye bekari hiyo. Akifukuzwa na shemeji yake mwenyewe, nani mwingine atamwita?

Usiku huo akajifungia ndani ya stoo ya unga, akazima taa, akafunika tochi kwa kitambaa chekundu, maana mende hawaoni mwanga mwekundu, akachuchumaa. Punde wakatoka. Mmoja akakisogelea chambo, akakigusa kwa vinyweleo vya mdomoni, maana mende huonja kwanza ndipo ameze. Mara akaruka nyuma kama aliyelambishwa shubiri. Wa pili vilevile. Wa tatu akajifuta mdomo kabisa, mwanaharamu yule.

Bi Chambo akatabasamu gizani. Nyuso hizo alizijua tangu alipokuwa akiuza mitumba: mtu anashika shati, anakunja pua, analirudisha. Na hapo likamjia. Wapenda tamu wote aliwamaliza yeye mwenyewe. Waliosalia ni wajukuu wa wale wachache ambao sukari ilikuwa chungu mdomoni mwao tangu kuzaliwa. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa akiua tu, alikuwa akichagua mbegu!

Lakini mteja akikataa bidhaa humbishii, unabadili bidhaa. Akachota siagi ya shemeji, hakuomba, akaikanda na sumu bila chembe ya sukari, akapaka kila ufa.

Asubuhi mwokaji alikuwa akizoa mizoga kwa koleo, simu ya kumwita mpulizaji imelala mfukoni.

"Umewapa nini hawa, shemeji?"

"Siri ya kazi."

"Na siagi yangu iliyopungua?"

"Waulize hao hapo kwenye koleo," alisema Bi Chambo, akijifunga kanga aondoke. "Wao ndio walioila."